Yadi elfu moja: bunduki huchaguliwa mwisho

Septemba 26, 1874, timu mbili za watu sita sita zilikutana kwenye uwanja wa shabaha wa Creedmoor, katika kisiwa cha Long Island karibu na jiji la New York. Timu moja ilikuwa ya Marekani, nyingine ya Ireland. Waairishi ndio waliotoa changamoto. Mwaka uliotangulia walikuwa wametwaa Ngao ya Elcho mbele ya Waingereza na Waskoti, na sasa walitaka kujua kama kuna mtu ng'ambo ya Atlantiki anayeweza kuwakaribia katika umbali wa yadi 800, 900 na 1,000.

Walikuja na bunduki za John Rigby wa Dublin. Zilishindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, ukoo mmoja na gobori, ila zilikuwa zimetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, na Rigby mwenyewe alikuwa miongoni mwa wapigaji. Wamarekani walishika Remington na Sharps, bunduki mpya zinazojazwa kwa nyuma. Nao walikuwa na fundi wao kikosini: Lewis Hepburn wa kiwanda cha Remington. Watazamaji wengi waliuona mchuano huo kuwa kesi kati ya zama mbili za ufundi, na walikuja kusikia hukumu.

Kila mpigaji alipiga risasi 15 kwa kila umbali, na kitovu cha shabaha kilikuwa na pointi nne. Jua lilipoelekea kuzama Marekani ilikuwa na pointi 934, Ireland 931. Kwenye yadi 900 na 1,000, yaani mahali ambapo bunduki hujaribiwa kwelikweli, bunduki za kushindilia ndizo zilizoongoza. Wamarekani waliokolewa na akiba waliyojiwekea kwenye yadi 800. Na katikati ya shindano, Mwairishi mmoja aliyeitwa Milner alipiga risasi safi iliyotua katikati ya kitovu, lakini cha shabaha ya jirani. Akapewa sifuri. Pointi nne zile zingeifikisha Ireland 935.

Kesi ya mtambo dhidi ya mtambo, basi, iliamuliwa na jicho lililokosea shabaha. Karne moja na nusu imepita na mchezo huu umejaa darubini za Kijapani, rada za kupimia kasi ya risasi na programu za simu zinazopiga hesabu ya mwendo wake angani. Mgeni akifika uwanjani bado swali lake la kwanza ni lile lile: ninunue bunduki gani? Wenyeji wa mchezo humjibu kwa swali: unataka kushindana katika daraja gani?

Daraja ndilo linaloamua

Ulengaji wa masafa marefu una mila kadhaa, na kila moja ina kanuni zake za vifaa. Ya zamani zaidi ni ile iliyokulia Uingereza, ambako Chama cha Taifa cha Bunduki kiliundwa mwaka 1859. Mkutano wake wa kwanza ulifanyika Wimbledon mwaka uliofuata, na Malkia Victoria ndiye aliyeufungua kwa kuvuta uzi wa hariri uliofungwa kwenye bunduki ya Whitworth iliyowekwa juu ya stendi. Mwaka 1890 chama kilihamia Bisley, katika jimbo la Surrey, na huko ndiko tuzo ya Malkia, ambayo huitwa tuzo ya Mfalme pale mwanamume anapokuwa kwenye kiti cha enzi, inashindaniwa hadi leo. Fainali yake hupigwa kwenye yadi 900 na 1,000.

Katika mila hiyo mpigaji hulala kifudifudi, bunduki imeshikiliwa kwa mkanda uliokazwa mkononi, na huvaa koti gumu la kumtuliza mwili. Hana darubini juu ya bunduki. Hulenga kupitia tundu dogo lililo karibu na jicho na pete iliyo mbele ya mtutu. Kwenye shindano la Palma, lililoanza Creedmoor mwaka 1876 na ambalo bado linapigwa kwenye yadi zile zile 800, 900 na 1,000, risasi ni ya milimita 7.62, na kichwa chake hakizidi greni 156, yaani gramu 10 hivi.

Mila ya pili ni changa. Iliasisiwa na Mkanada George Farquharson, mzee ambaye macho na misuli yake havikumruhusu tena kutumia tundu na mkanda. Aliomba aruhusiwe kuweka darubini na kuegemeza bunduki, na herufi ya kwanza ya jina lake ndiyo iliyobaki kwenye jina la daraja: F-Class. Leo daraja hilo lina matawi mawili. Tawi la F-TR linakubali risasi aina mbili tu, .308 Winchester na .223 Remington, bunduki husimama kwa miguu miwili, na uzito wote, darubini na miguu ikiwemo, hauzidi kilo 8.25. Tawi la F-Open linaruhusu karibu risasi yoyote isiyozidi milimita 8, bunduki ya hadi kilo 10, na egemeo zito la mbele linalokaa ardhini.

Tofauti hizi si urembo. Mtu akinunua bunduki ya risasi ya 6.5 Creedmoor kwa sababu amesikia inasifiwa, halafu akagundua kwamba klabu yake inapiga F-TR, atalazimika kuingia F-Open na kushindana na bunduki nzito zenye risasi kubwa kuliko yake. Pesa imekwenda na daraja amelikosa.

Hesabu ya pembe

Kwa nini daraja libadilishe kiwango cha bunduki unayohitaji? Jibu liko kwenye hesabu. Walenga shabaha hupima makosa kwa dakika ya pembe, sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwenye yadi 100 dakika moja ni takriban sentimita 2.7. Kwenye yadi 1,000, sawa na mita 914, dakika hiyo hiyo imekuwa takriban sentimita 27.

Kwenye shabaha ya yadi 1,000 inayotumika Marekani, duara la pointi 10 lina upana wa inchi 20, zaidi kidogo ya nusu mita. Bunduki inayokusanya risasi zake ndani ya dakika moja, jambo ambalo bunduki nyingi nzuri za dukani zinaweza, ina nafasi ya kutosha humo. Kwa wapigaji wa F-Class duara hilo limepunguzwa hadi inchi 10. Hapo bunduki ya dakika moja tayari ni pana kuliko duara, na mwenye nayo anaanza mashindano akiwa nyuma kabla upepo haujavuma. Yeye anahitaji bunduki ya nusu dakika au pungufu, na hiyo hutoka kwa fundi anayechonga mtutu na kuufunga kwa mkono.

Risasi kabla ya bunduki

Wapigaji wenye miaka mingi uwanjani hutenga sehemu kubwa ya fedha na muda wao kwa risasi. Sababu yake ni kasi. Risasi ya .308 yenye kichwa cha greni 155 hutoka mtutuni kwa takriban mita 880 kwa sekunde. Inapofika yadi 1,000, baada ya sekunde moja na nusu hivi, imechoka na inakaribia kasi ya sauti, na itakuwa imeshuka takriban mita tisa chini ya mstari iliorekebishiwa kwenye yadi 100. Ikiwa risasi moja imetoka kwa kasi pungufu ya mita 10 kwa sekunde kuliko mwenzake, zitatua zikiwa zimeachana kwa robo mita hivi, moja juu na nyingine chini, hata kama mpigaji hakutikisika kabisa.

Ndiyo maana washindani wengi hujaza risasi zao wenyewe. Ganda hupimwa na kuchongwa urefu sawa, baruti hupimwa kwa mizani nyeti, kichwa hukaa kwa kina kile kile kila mara. Maganda ya Lapua kutoka Finland yana sifa ya kulingana unene, na vichwa vya Sierra na Berger vya Marekani ndivyo unavyovikuta kwenye masanduku ya wengi. Baruti nayo ina siri yake: nyingi huwaka kwa nguvu zaidi siku ya joto, na risasi iliyorekebishwa asubuhi ya baridi hupanda juu saa saba mchana. Baruti ya Varget, inayotengenezwa Australia na kuuzwa na Hodgdon ya Marekani, ilijipatia jina kwa sababu haibadiliki sana na joto.

Bisley waliwahi kulimaliza jambo hili kwa njia yao. Kwa miaka mingi washindani hawakuja na risasi. Waligawiwa uwanjani, wote aina moja, ili anayeshinda awe ameshinda kwa kulenga. Mwaka 1930 tuzo ya Mfalme ilichukuliwa na Marjorie Foster, mfugaji wa kuku, mwanamke wa kwanza kuipata. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mwanamke yule alikuwa na baruti bora kuliko maofisa wa jeshi aliowaacha nyuma.

Mtutu huisha

Jambo ambalo muuzaji huwa halisemi ni kwamba mtutu una umri. Moto wa baruti hula chuma pale inapoanzia mikato ya ndani inayoizungusha risasi, na kadiri baruti ilivyo nyingi kwa tundu dogo ndivyo chuma kinavyoliwa haraka. Mtutu wa .308 unaweza kubaki na usahihi wa mashindano kwa risasi elfu kadhaa. Mtutu wa 6.5-284, risasi iliyopendwa sana F-Open kwa wepesi wake, mara nyingi huchoka baada ya elfu moja hivi. Mtu anayefanya mazoezi kwa bidii anaweza kuumaliza kwa msimu mmoja.

Mikato ya ndani pia huchaguliwa kulingana na kichwa. Kichwa kirefu huhitaji kuzungushwa haraka zaidi ili kisipepesuke angani. Kwa greni 155 za .308, mzunguko mmoja kwa kila inchi 13 umetumika kwenye bunduki za Palma kwa mafanikio. Vichwa virefu vya milimita 6.5 vyenye greni 140 huhitaji mzunguko kwa kila inchi 8. Ukikosea hapo hakuna darubini itakayokuokoa.

Risasi ya 6.5 Creedmoor, iliyotolewa na kampuni ya Hornady mwaka 2007 na kupewa jina la uwanja ule wa mwaka 1874, ilipata wapenzi kwa sababu ya kichwa chake chembamba na kirefu. Hukata hewa vizuri, na upepo huisukuma karibu robo pungufu kuliko .308 kwenye yadi 1,000, huku ikipiga bega kwa upole zaidi. Kwa anayepiga shabaha za chuma kwa starehe, au katika mashindano yasiyobana aina ya risasi, ni chaguo la busara.

Darubini inayorudi ilikotoka

Wanunuzi wengi hutazama ukuzaji: mara 25, mara 60, mara 80. Kampuni ya March ya Japani inazo hata hizo za 80. Lakini siku ya jua kali, ukuzaji mkubwa hukuza pia mawimbi ya joto, na shabaha hugeuka kuwa kitu kinachochezacheza kama kiko chini ya maji. Wengi hujikuta wakipunguza.

Vipimo vya maana zaidi ni viwili. Cha kwanza ni nafasi ya kurekebisha. Kupanda kutoka yadi 100 hadi 1,000 kwa .308 kunahitaji dakika 35 au zaidi, na darubini nyingi za kuwindia huishiwa kabla ya hapo. Dawa ni kuifunga juu ya kikalio kilichoinamishwa mbele, kwa kawaida dakika 20, ili nafasi iliyokuwa imelala bure upande wa chini itumike. Cha pili ni uaminifu wa mibofyo. Ukizungusha kitufe dakika 30 kwenda juu kisha ukarudisha 30, darubini irudi ilikotoka. Jaribu hilo kwenye yadi 100, kwenye karatasi yenye mistari iliyopimwa, kabla ya kumlaumu mtu mwingine. Darubini ya bei ya kati inayorudi ilikotoka ina thamani kuliko ya kifahari isiyorudi.

Kuhusu mibofyo, kuna mifumo miwili: dakika za pembe, na sehemu za elfu za radiani. Ya pili ni rahisi kwa waliozoea mita: kwenye mita 1,000, sehemu moja ya elfu ni mita moja kamili, na mbofyo wa sehemu ya kumi ni sentimita 10. Chagua ule unaotumiwa na wenzako wa klabu, kwa kuwa wao ndio watakaokusomea shabaha.

Upepo hauuzwi

Hapa ndipo orodha ya ununuzi inapoishiwa. Upepo wa pembeni wa kilomita 16 kwa saa huisukuma risasi ya .308 zaidi ya mita mbili ifikapo yadi 1,000. Mpigaji akikosea makadirio kwa sehemu moja tu ya kumi ya upepo huo, kiasi ambacho hakitikisi jani, risasi inahama sentimita 23. Kwenye duara la F-Class la inchi 10, huko ni nje.

Kipima upepo cha mkononi, kama Kestrel, husema ukweli kuhusu hewa iliyo mbele ya pua yako. Hakijui kinachotokea kwenye yadi 600, ambako bonde linaweza kuwa linavuta hewa upande wa pili, wala kinachotokea mita kadhaa juu ya ardhi ambako risasi inapita. Mpigaji husoma bendera, majani na vumbi. Zaidi ya yote husoma mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayoonekana kwenye darubini ya kutazamia iliyolengwa katikati ya masafa. Yakiinama, upepo upo. Yakichemka wima, umetulia au unajiandaa kugeuka. Ni kazi ya nahodha wa jahazi anayetazama rangi ya maji mbele yake kabla tanga halijashtuka.

Mahali penyewe pia huhesabiwa. Juu ya milima hewa ni nyepesi, risasi hushuka kidogo na kusukumwa kidogo. Mashindano ya dunia ya F-Class ya mwaka 2013 yalifanyika Raton, New Mexico, takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na yale ya 2023 yalikuja Afrika, Bloemfontein, Afrika Kusini, nako nyanda za juu. Mtu aliyeandaa jedwali lake la marekebisho pwani akilipeleka huko bila kulisahihisha atapiga juu ya shabaha. Kwa hiyo daftari ni kifaa: tarehe, joto, mwinuko, upepo uliokadiria, na mahali risasi ilipotua. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho wageni wengi hawanunui.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Mchezo huu haukuwa mbali nasi. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliuingiza ulengaji shabaha kwa mara ya kwanza mwaka 1966 mjini Kingston, na wa bunduki kubwa umekuwa sehemu ya ratiba yake mara nyingi, hadi yadi 1,000. Mwingereza David Luckman alitwaa dhahabu ya mtu mmoja mmoja mwaka 2014 Glasgow na akarudia 2018 Gold Coast. Mwaka 2022 Birmingham iliondoa ulengaji wote kwenye ratiba, na mlango ambao mataifa madogo ya jumuiya yaliutumia kujaribu mchezo huu ukafungwa.

Anayetaka kuanza hapa nyumbani ajue kwamba sheria inatangulia duka. Kenya ina Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Zote zinataka leseni, na kumiliki bunduki bila leseni ni jinai hata kama nia yako ni karatasi na duara. Njia ya busara ni kuanzia kwenye klabu inayotambuliwa, yenye uwanja ulioidhinishwa na msimamizi wa usalama, na kutumia bunduki ya klabu chini ya uangalizi kabla ya kufikiria ya kwako. Utavaa vizuia sauti masikioni, utajifunza kuacha chemba wazi watu wanapokwenda kwenye shabaha, na utakaa siku nyingi ukimsomea mwenzako upepo.

Kupanga ni kuchagua. Mwenye fedha kidogo na achague daraja linalobana vifaa, kama F-TR yenye .308, kwa kuwa mtutu wake unadumu na washindani wake hawawezi kumzidi kwa pochi. Kisha agawe alichonacho hivi: kwanza ada ya klabu na mwalimu, pili risasi za kutosha mazoezi ya msimu mzima, tatu darubini inayorudi ilikotoka, nne daftari na darubini ya kutazamia mazigazi. Kitakachobaki ndicho cha bunduki. Anayeanza upande wa pili, akaweka bunduki mbele na kuomba risasi kwa marafiki, atakuwa na chombo kizuri cha kuonyesha na alama mbaya kwenye karatasi.